Sufuria Tupu ya Mikambala

Machi 2

Mvua za masika zimeanza. Daktari wa Morogoro alinieleza kwa upole kwamba moyo wangu umechoka, na kwamba maji ya miguuni yatakuwa yakipanda na kushuka. Hakusema mpaka lini, nami sikumuuliza. Nimemtuma Sikuzani aninunulie daftari, amerudi na lenye picha ya mchezaji mpira. "Ya wazee yamekwisha, Mzee," ameniambia. Sikuzani ndiye anayenipikia na kunitunza tangu mke wangu afariki. Hucheka kabla ya kusema lolote, hata habari za msiba.

Machi 4

Mvua. Miguu imevimba. Uji.

Machi 8

Naomi amekuja kutoka Mikumi. Ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu wa kwanza, na sasa ni ofisa utumishi katika kambi mpya ya watalii karibu na hifadhi. Aliingia akiwa amevua viatu, tope mpaka magotini.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba, mke wangu. Umekuja kuniosha miguu?"

"Nimekuja kuchukua akili yako kabla hujaondoka nayo."

Huyu ndiye mjukuu ninayempenda kuliko wote, na sijui kama wengine hawajui.

Akanieleza shida yake. Wageni wameongezeka tangu treni ya umeme ianze kuwashusha Kilosa, lakini wafanyakazi wamelegea. Mishahara haipandi, watu wanakuja kazini kama wanaokwenda kuhesabiwa. Basi amebuni mpango. Kila mfanyakazi atavaa beji yenye namba yake ya simu ya kupokelea fedha, na mgeni aliyefurahi atamtumia bahashishi moja kwa moja. Atakayetajwa zaidi na wageni atapata nyongeza na picha yake itatundikwa mapokezi. Mpango unaanza Juni mosi, mvua zikikatika.

"Kwenye pendekezo nimeandika kwamba aliyeanza ni babu yangu," akasema. "Nimewaonyesha na picha ya saa."

Saa yenyewe ipo ukutani mbele ya kiti changu. Chini ya mishale imeandikwa: Kwa Meneja Aliyeamsha Ari ya Kazi. Naomi alikua akiitazama. Anataka nizungumze mbele ya simu yake, maneno machache ya baraka, awaonyeshe wafanyakazi siku ya ufunguzi.

Nimekubali. Ulimi wangu umeizoea sifa ile, ukakubali kabla yangu.

Machi 10

Naandika ili nione kama naweza.

Nilikuwa meneja wa Kambi ya Mikambala, kule Mikumi, miaka ya tisini. Kambi hiyo haipo tena. Nilipofika nilikuta desturi ambayo hakuna bosi aliyeianzisha. Kati ya jiko na baraza ya kulia chakula palikuwa na nguzo, na kwenye nguzo ilining'inizwa kwa waya sufuria kubwa iliyochakaa. Bahashishi yoyote, apewe mhudumu, dereva au mbeba mizigo, ilitumbukizwa humo. Jumamosi Bibiana, mkuu wa wafuaji, aliigawa kwa wote: jikoni, bustanini, ufuaji, walinzi.

Sufuria hiyohiyo ndiyo ilikuwa kengele. Kambi haikuwa na uzio. Yeyote aliyemwona tembo au nyati akiingia alichukua upawa uliokuwa pembeni na kuipiga, na kila mtu alisimama alipo mpaka mlinzi atoe ishara. Wenyewe walikuwa na utani: ikifika Ijumaa sufuria imejaa noti, hailii vizuri, basi tembo mwenye adabu aje Jumatatu.

Mimi nilikuwa nimesomea utawala. Nilikuwa nimetoka kwenye kozi Arusha iliyonifundisha kwamba mtu hujituma pale anapoona jasho lake linarudi kwake. Nikaiona sufuria ile kuwa ni ujima. Mvivu alikula sawa na mchapakazi. Nikaleta bahasha zenye majina, zikapangwa mapokezi.

Ilifanya kazi, na hilo ndilo lililonilevya. Wahudumu walianza kukimbia. Wakatabasamu mpaka mashavu yakawauma. Barua za wageni zikaja zikisifu huduma. Makao makuu wakanipigia simu kunipongeza.

Bibiana alikuja ofisini akiwa na mikono iliyokunjamana kwa maji. "Bosi," akasema, "mgeni analala juu ya shuka niliyofua mimi. Jina langu atalijulia wapi?"

Nikamjibu, "Jitahidi uonekane."

Machi 11

Sikuzani ananiuliza naandika nini. Nimemwambia hesabu. Akacheka, akasema mtu haandiki hesabu huku ameshika shavu.

Machi 17

Cosmas amekuja kwa baiskeli kutoka Munisagara, na mvua yote hii. Ameleta majani ya maboga na fungu la miwa. Huja kila msimu na chochote kilichopo shambani. Zamani alikuwa mhudumu wangu wa baraza kule Mikambala, kijana mwembamba mwenye shati jeupe kuliko yote. Sasa ana mvi, lakini bado ananiita bosi.

"Shikamoo bosi."

"Marahaba Cosmas. Mahindi?"

"Yamesimama. Mto ukikaa kwake, tutakula."

Tulizungumza habari za mbegu, za ng'ombe walioingia maharagwe, za jirani yake Msukuma aliyekuja kulipa bila kuitwa. Hatukuzungumza habari za Mikambala. Hatujawahi. Alipoinuka akauliza kama anavyouliza kila mara, kofia mkononi, "Hakuna neno, bosi?"

"Hakuna neno."

Alipokwisha kutoka Sikuzani akachungulia kutoka jikoni. "Mzee Bahasha ameleta miwa mizuri safari hii."

Nilimuuliza jina hilo amelipata wapi. Akasema ndilo analoitwa, kuanzia Munisagara mpaka gulioni Masanze. Watoto wanalijua. Ati zamani alimwacha mtu akanyagwe na tembo kwa sababu ya bahasha ya Mzungu.

Miwa sikuila.

Machi 26

Mvua bila kukatika. Paa linavuja juu ya kabati.

Aprili 6

Leo nina nguvu kidogo. Naandika lililotokea.

Ilikuwa alasiri ya Aprili, wingu zito upande wa Uluguru. Wageni walikuwa barazani na chai yao. Tembo dume alitokea nyuma ya vibanda vya kulala, akaanza kuvunja matawi. Cosmas alikuwa zamu barazani, hatua chache tu kutoka kwenye sufuria. Hakuipiga. Wageni wake walikuwa wakipiga picha kwa furaha, na siku hizo mgeni mwenye furaha alimaanisha bahasha nene. Bibiana alikuwa akipita kati ya vibanda na mzigo wa shuka alizozianua kuikimbia mvua. Tembo alimgeukia. Alimvunja nyonga. Hakufa, lakini hakutembea tena sawasawa. Cosmas alifukuzwa kazi kwa kutotoa tahadhari. Bibiana hakulipwa fidia kwa kuwa alipita njia isiyo ya wafuaji.

Aprili 7

Nimeyasoma ya jana. Ni yaleyale niliyoandika kwenye taarifa ya kampuni, karibu neno kwa neno. Mkono umeyakariri. Hata hapa, ambapo hakuna anayenidai, nimemtanguliza Cosmas.

Nianze upya.

Siku ile nilikuwa barazani mimi mwenyewe. Nilikuwa nimekaa na wakubwa wawili kutoka makao makuu waliokuja kuona mpango wangu wa bahasha. Tembo alipotokea, wageni walisimama wakinong'ona kwa furaha. Mkubwa mmoja alinigusa bega, akasema, "Hii ndiyo biashara, Obed." Hapo nikamwona Cosmas anakwenda kwenye nguzo. Aliuchukua upawa. Aliuinua. Kisha akanitazama, kwa sababu nilikuwa bosi na nilikuwa na wageni wangu.

Nikatikisa kichwa kumkataza.

Akaushusha.

Bibiana sikumwona. Hilo ni kweli na halinisaidii kitu. Alikuwa kwenye njia ya mbele, ile inayopita machoni pa wageni, kwa sababu tangu nimwambie ajitahidi aonekane alikuwa akipitisha shuka huko, akiwasalimia wageni kwa Kiingereza cha maneno mawili. Zamani wafuaji walipita nyuma ya jiko, mbali na vibanda. Sufuria siku ile ilikuwa tupu. Ingepigwa, ingesikika mpaka kijiji cha Doma.

Taarifa niliiandika kesho yake. Nilifikiri: Cosmas ni kijana, atapata kazi nyingine. Nilifikiri: Bibiana ana kaka. Wiki chache baadaye wakaniletea saa.

Aprili 8

Sikuweza kula. Sikuzani anadhani ni dawa.

Aprili 14

Mto Mkondoa umefurika. Njia ya Mikumi haipitiki. Naomi amepiga simu. Wameanza majaribio ya beji kwa wiki mbili, na ana furaha.

"Babu, ari imepanda, huwezi kuamini. Hata wasafisha vyumba wanagombania kwenda mapokezi."

"Wanagombania?"

"Wanachangamka tu. Juzi Magreth wa jikoni ametoka na sahani mwenyewe ili wageni waione beji yake. Mhudumu akamwambia arudi kwenye moshi wake. Wamenuniana kidogo."

"Na walinzi?"

"Walinzi wanalalamika, hao ni wa kulalamika. Nimewaambia wajiongeze."

Nilifungua mdomo nimwambie. Simu ilikuwa na mkwaruzo wa mvua. Nikasema, "Mke wangu, njia ikipitika uje." Akasema atakuja na simu yenye kamera nzuri.

Mwoga huwa na sababu nzuri daima. Mimi leo nimesingizia mtandao.

Aprili 21

Kanisa limeleta sakramenti nyumbani. Mchungaji aliniuliza kama kuna linalonisumbua. Nikamwambia miguu.

Aprili 30

Nimekuwa nikifikiri juu ya zile ziara za Cosmas. Miaka yote hii nilizipokea kama msamaha. Nilijiambia: angekuwa na kinyongo asingeleta mahindi. Nilijilisha amani kutoka kwenye kapu lake. Alipougua mke wangu alikuja, alipofariki alichimba kaburi pamoja na vijana wa mtaa. Kila mara akisimama na kofia yake: hakuna neno, bosi? Nami kila mara: hakuna neno.

Mei 5

Mto umerudi kwake. Jua kidogo.

Mei 7

Nimempigia Naomi. Nimemwomba Jumapili aje kwa gari, apite Masanze amchukue Bibiana, aliyekuwa mkuu wa wafuaji wangu. Cosmas nimemtumia ujumbe kwa dereva wa bodaboda. Naomi amefurahi sana. Anadhani nawakusanya wafanyakazi wangu wa zamani wanisifu mbele ya kamera. Sikumsahihisha. Nikimsahihisha kwa simu nitapata njia ya kukimbia.

Mei 11

Nitaandika yote.

Cosmas alifika kwanza, akakaa kiti cha karibu na mlango. Kisha gari likasimama, na Naomi akaingia akimshika Bibiana mkono. Bibiana amekuwa mfupi. Anatembelea mkongojo na mguu wa kushoto unafuata kwa shida. Alipomwona Cosmas alisimama.

"Sikuambiwa kama Bahasha yupo."

"Kaa, dada," Cosmas akasema. "Mimi nitakaa nje."

"Kaeni wote," nikasema. "Nawaomba."

Sikuzani alileta chai na, kwa mara ya kwanza, hakucheka. Naomi aliiegemeza simu kwenye kabati, akaiwasha, akaniinamia: "Babu, anza na jina lako na ile kambi. Halafu saa."

Nikataja jina langu. Nikataja kambi. Nikaeleza sufuria, nikaeleza bahasha, na Naomi alikuwa akiitikia kwa kichwa, ameridhika. Nilipofika kwenye alasiri ile niliacha kumtazama yeye, nikamtazama Bibiana.

"Upawa ulikuwa mkononi mwa Cosmas. Alikuwa ameuinua. Aliniangalia mimi kupata ruhusa, nami nikamkatalia kwa kichwa, ili wageni wasisumbuliwe. Kisha nikaandika kwamba kosa ni lake, na lako."

Saa ile ukutani ilisikika.

Bibiana aliweka kikombe chini. "Uliniambia nijitahidi kuonekana," akasema polepole. "Basi nikaonekana. Mpaka na tembo."

Kisha akamgeukia Cosmas, mwili mzima, kwa sababu shingo peke yake haimgeuki. "Kumbe uliuinua."

"Niliuinua, dada. Sikuipiga sufuria."

"Lakini uliuinua."

"Ningeweza kuipiga. Kichwa cha bosi hakikunishika mkono. Nilikuwa na bahasha mbili za wiki ile, nikaogopa kuzikosa na kazi pia. Hilo ni langu."

"Wanangu ndio waliokupa lile jina," Bibiana akasema. "Mimi nikawaachia."

Nikamuuliza Cosmas kwa nini hakusema miaka yote hii. Alitazama kofia yake. "Kwa nani, bosi? Mhudumu aseme, meneja akatae, nani ataaminiwa? Niliona heri useme wewe. Ndiyo maana nilikuwa nakuja. Nilikuwa nakuja kusikiliza."

Hilo ndilo lililonivunja. Kapu lile lilikuwa swali, nami nilikula swali kila msimu na kuomba chumvi.

Nikamwomba Bibiana msamaha. Alichukua mkongojo wake.

"Mzee Obed, hilo nitakwenda nalo nyumbani. Siwezi kukupa hapa juu ya chai. Nimekuja na mguu mmoja na nusu, usinibebeshe na mzigo wako niurudishe leo leo."

"Sawa," nikasema.

"Si sawa. Lakini twende hivyo."

Naomi alikuwa amesimama karibu na kabati, uso umemkauka. Akaichukua simu, akaizima. Aliwatoa wale wawili, akamfungulia Bibiana mlango wa mbele, akamwambia Cosmas apakie baiskeli nyuma. Mimi hakuniaga. Hata neno moja. Tangu ajue kusema, mtoto huyu hajawahi kutoka nyumbani kwangu bila kuniaga.

Nilimsikia Bibiana nje akimwambia Cosmas, "Panda, wewe. Unasubiri ruhusa ya nani tena?"

Mei 12

Nimemwambia Sikuzani aiondoe saa. "Na dawa zako nitajuaje muda wake?" akauliza. Ameipeleka jikoni. Ukutani pamebaki duara jeupe. Najikuta nalitazama.

Mei 19

Naomi hajapiga simu.

Mei 25

Hajapiga. Mama yake amenipigia kuniuliza nimemfanya nini mtoto, ati hataki kula. Nimemweleza na yeye. Kila ninayemweleza ni kana kwamba namweleza wa kwanza.

Mei 29

Maji yamepanda mpaka mapajani. Nalala nimekaa. Mvua zimekatika, na magari ya watalii yameanza kupita tena. Zimebaki siku tatu ifike siku ya ufunguzi ya Naomi.

Juni 1

Simu imelia jioni. Sikuzani aliniwekea sikioni.

"Shikamoo Babu."

Niliikamata simu mwenyewe kwa mikono miwili.

"Marahaba."

Akasema kwa sauti ya ofisini, "Uliniahidi video, nimewaonyesha. Wafanyakazi wote, na mkurugenzi."

"Yote?"

"Yote. Sikukata mahali." Nilisikia anavuta pumzi. "Mkurugenzi alitoka kabla haijaisha. Ameniita kesho asubuhi. Sijui atasemaje, anaweza kunifukuza. Kwa wale wengine, Magreth wa jikoni ndiye aliyeanza kuvua beji, akaiweka mezani. Halafu walinzi, ingawa namba zao hakuna aliyewahi kuzitumia. Wanataka namba moja ya wote, na Jumamosi wagawane mbele ya kila mtu."

"Na wewe unataka nini?"

"Mimi nilitaka uwe yule wa kwenye saa." Sauti ya ofisini ikamtoka. "Nimekasirika na wewe, Babu. Bado nimekasirika. Nimepiga simu kwa sababu nisipopiga na ukafa, nitakuwa nimenyamaza kama wewe."

Nikamwambia amefanya vizuri. Akasema, "Haya, ulale." Hakuniita mume wake. Lakini alisema nilale.

Juni 8

Naomi bado yuko kazini, kwa onyo la maandishi. Namba moja imekubaliwa kwa majaribio. Ameniambia kwa ujumbe mfupi, bila salamu mwanzoni wala mwishoni. Nimeukubali ujumbe huo kama ulivyo.

Kutoka kwa Bibiana hakuna neno. Ni haki yake.

Juni 15

Mahindi yamekauka mashambani, watu wanavuna. Leo Sikuzani amerudi kutoka sokoni na debe la mahindi mapya, ya kununua.

"Mwaka huu Mzee Cosmas hajatuletea," amesema. Amesema hivyo, Mzee Cosmas. "Mimi nilikuwa namsubiri. Anaumwa?"

"Haumwi."

"Mbona haji, basi?"

Nimemwambia hana tena cha kukijia. Alishasikia.